Anachora, Hapigi Muhuri

Mjomba wangu wa Tanga huniita injinia. Nikimpigia simu, hata shikamoo sijaimaliza, ameshadakia: "Marahaba injinia wetu, Houston wanasemaje?" Nimemweleza mara nyingi kwamba huku jina hilo lina wenyewe. Hucheka, akasema Wazungu kwa uchoyo hawajambo, hata jina wanabania. Basi acha niliweke hapa kwa kirefu, binamu zangu watamsomea.

Hapa Texas, jina la injinia linalindwa na sheria, na sheria yenyewe ilizaliwa msibani. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London mashariki mwa jimbo, shule ililipuka wanafunzi wakiwa ndani. Eneo lile lilikuwa na visima vya mafuta na shule haikuwa maskini, lakini wakubwa waliona gesi ya kulipia ni gharama ya bure. Wakaunganisha bomba kwenye gesi ya mabaki, ile ambayo wachimba mafuta walikuwa wakiichoma tu kama taka. Haikuwa na harufu. Ikavuja, ikajaa chini ya sakafu, na mwalimu wa karakana alipowasha mashine ya umeme ya kupigia msasa, cheche moja ikatosha. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Mwaka huohuo bunge la jimbo likaamuru gesi itiwe dawa inayonuka ili ikivuja watu wajue, na ndiyo desturi inayofanya mtungi wa gesi wa jikoni kwako utoe ile harufu mbaya. Likaamuru pia kwamba mtu asijiite injinia wala kuuzia umma kazi ya injinia mpaka awe ameandikishwa. Aliyeandikishwa hupewa muhuri. Akiupiga kwenye mchoro, amebeba mzigo mbele ya sheria.

Mimi sina muhuri. Nilichosomea ni uchoraji na usanifu wa kihandisi, yaani kuchukua hesabu na mawazo ya injinia, mara nyingi yakiwa yamekwaruzwa kwa penseli pembeni mwa karatasi, na kuyageuza kuwa michoro ambayo mtu wa karakana anaweza kuifuata akakata chuma. Injinia anapiga hesabu na muhuri, welda anachomelea. Katikati yao kuna mtu wa kuchora, na jina lake huandikwa kwa herufi mbili tatu tu kwenye kisanduku cha chini kulia, mahali ambapo hakuna anayepasoma mpaka kitu kiharibike.

Nilisomea kwenye chuo cha jamii (community college). Vyuo hivi ni vya Kimarekani hasa. Kile kongwe kuliko vyote vya umma vinavyoendelea hadi leo kiko Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita. Sasa vimeenea nchi nzima. Wenye nyumba na ardhi wa eneo hilo wanavichangia kupitia kodi ya majengo, ndiyo maana ada huku Texas ina ngazi: ukiwa mkazi wa eneo la chuo unalipa kidogo, ukitoka eneo jingine la jimbo unalipa zaidi, ukitoka nje ya jimbo au nje ya nchi unalipa zaidi sana. Hakuna kuchaguliwa kwa ufaulu wa juu. Una cheti cha sekondari, unafanya mtihani wa kupimwa hesabu na Kiingereza, unaingia. Wanaokidharau chuo cha namna hii kwa sababu mlango wake uko wazi hawajawahi kukaa darasani saa tatu usiku na mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwenda kuchomelea. Darasa letu lilikuwa na mwanajeshi mstaafu aliyesomeshwa na serikali, kijana wa sekondari aliyekuwa akikusanya krediti, yaani pointi za kozi za chuo, kabla ya kumaliza shule, mama aliyekuwa akiuza bima, na welda ambaye magoti yamemgomea. Yule welda ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Alipotazama mchoro alikuwa anaona mahali ambapo tochi ya kuchomelea haiwezi kupita.

Mimi nilikuja na mtaji wangu kidogo. Nilisoma sekondari ya ufundi Tanzania, nikachora kwa tii-skwea (rula yenye umbo la T) na penseli ngumu ya 2H, nikafikiri huku kutakuwa mteremko. Ila kuna jambo ambalo waliosoma kuchora nyumbani wanapaswa kulijua kabla hawajakanyaga darasa la Marekani. Sisi tulizoezwa mtindo wa Ulaya wa kupanga mionekano, yaani sura za kitu kikitazamwa kutoka mbele, juu na pembeni: ule wa juu unauchora chini ya ule wa mbele, na wa upande wa kulia unauweka kushoto. Mantiki yake ni kwamba kitu kimesimama kati yako na ukuta, na kila mwonekano unasukumwa ukaangukie ukuta ulio nyuma yake. Wamarekani wao wanakifungia kitu ndani ya sanduku la kioo, wanachora kwenye kioo kile wanachokiona, kisha wanalifungua sanduku. Kwao, kwa hiyo, juu kunabaki juu na kulia kunabaki kulia. Kikiwa ni kitu kilicho sawa pande zote, hata ukikosea mtindo hakuna atakayejua. Kikiwa na tundu upande mmoja, fundi atatengeneza kipande kizuri kabisa, chenye vipimo vyote sahihi, cha mkono wa kushoto wakati uliagizwa wa kulia. Ndiyo maana kwenye kisanduku cha mchoro kuna kialama cha pia (koni) iliyokatwa ncha, na duara mbili kando yake. Ukikuta alama hiyo, itazame kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu inchi nisikuchoshe. Sentensi moja: nchi iliyopoteza chombo chake kwenye sayari ya Mars mwaka 1999, kwa sababu programu moja ilitoa namba za kipimo cha Kiingereza na nyingine ikazisoma kama za metriki, bado inachora nyumba kwa kipimo ambacho robo inchi kwenye karatasi ni futi moja ya ukutani. Hiyo ni moja kwa 48. Unazoea.

Houston ni mji wa mabomba. Ukiendesha gari kufuata mfereji wa meli, kupitia Pasadena hadi Baytown, unaona viwanda vya kusafishia mafuta na vya kemikali, mabomba yamepandiana ghorofa kwa ghorofa. Kila kipande cha hayo mabomba kilichorwa na mtu. Kwa hiyo chuo chetu, baada ya misingi na baada ya AutoCAD (programu ya kuchora kwa kompyuta), kilitutumbukiza kwenye mabomba, na mwalimu alikuwa mzee aliyeanza kazi hiyo enzi za ubao, wakati ukumbi mzima wa kampuni ulijaa watu walioinama juu ya karatasi. AutoCAD ilitoka mwaka 1982 na kumbi zile zikaanza kupungua. Yeye alibaki. Alikuwa na tabia ya kushika mchoro wako uliochapwa, akautazama kimya, halafu akauliza swali moja: "Nikikupa chuma, utakata wapi?"

Nichukue zoezi moja mpate picha. Bomba la inchi 6 linaelekea kaskazini. Mbele kuna nguzo, kwa hiyo lazima lihame inchi 24 kwenda mashariki, kisha liendelee na safari yake ya kaskazini. Kona ni mbili, zote za digrii 45. Welda akate kipande cha katikati urefu gani?

Anayekumbuka hesabu za sekondari atazidisha 24 kwa 1.414, apate inchi 33 na 15/16. Hapo ndipo dada mmoja wa Bukavu, tuliyekuwa tukikaa meza moja, aliponinong'oneza: "Ndugu, hii si ni Pitagore tu?" Ni Pithagora kweli, lakini kazi bado. Urefu huo ni wa kutoka katikati ya kona moja hadi katikati ya kona nyingine, na hapo katikati hakuna bomba, kuna elbo, kile kiungo kilichopinda. Elbo ya digrii 45 ya ukubwa huo inakula inchi 3 na 3/4. Ziko mbili, unatoa inchi 7 na nusu, inabaki 26 na 7/16. Welda naye haunganishi chuma kilichogusana. Anaacha mwanya mwembamba ili moto uzame hadi ndani. Sisi tulitumia 1/8 kila kiungo, viungo ni viwili, ondoa robo inchi. Jibu ni inchi 26 na 3/16. Kungekuwa na flanji njiani (sahani za kufungia bomba kwa bolti), ungehesabu na unene wa gasketi, kile kizibo chembamba kinachokaa kati yake. Na hilo bomba la inchi 6 lenyewe, ukilibana kwa kaliperi, upana wake wa nje ni inchi 6 na 5/8. Kuanzia inchi 14 kwenda juu ndipo jina la bomba na kipimo chake cha nje vinapokubaliana. Kabla ya hapo jina ni jina tu.

Mchoro wa kipande kama hicho huitwa isometriki. Mistari yake inalala kwa digrii 30, una mshale wa kaskazini pembeni, na haufuati skeli hata kidogo: bomba la futi 40 na la futi 2 yanaweza kulingana urefu kwenye karatasi. Anayeuona mara ya kwanza husema huu ni mchoro wa mtoto. Lakini welda hapimi karatasi, anasoma namba. Namba isiyokuwepo ataibuni, na namba iliyoandikwa mara mbili itafika siku moja ibadilishwe mahali pamoja na isahaulike pa pili. Hiyo sheria ya kutorudia kipimo tuliimbiwa mpaka tukaiota.

Kijana wa sekondari aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo. Programu za siku hizi, ukishajenga kiwanda chako kwa sura tatu ndani ya kompyuta, zinatoa isometriki zenyewe, na vipimo, na orodha ya vifaa. Kwa nini tupige 1.414 kwa mkono? Mzee hakubisha kwamba programu inafanya haraka kuliko yeye. Alichofanya ni kufungua mchoro uliotolewa na programu na kumwambia atafute tatizo. Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Kati ya kona na kona palitakiwa kipande cha bomba chenye urefu wa inchi moja na kidogo. Kompyuta haioni ubaya wowote hapo. Welda wetu, yule wa magoti, alicheka kabla hata kijana hajamaliza kusoma: kipande kama hicho anakishikaje?

Muhula uliofuata tulisoma habari ya Kansas City, jimbo la Missouri, na mimi naona kozi yoyote ya uchoraji isiyoifundisha hiyo imeacha shimo. Hoteli ya Hyatt Regency ya mji huo ilikuwa na vivuko vya ndani, yaani njia za watu kupita, vilivyoning'inia juu ya ukumbi, cha ghorofa ya nne kikiwa moja kwa moja juu ya kile cha ghorofa ya pili. Kwenye wazo la kwanza, fimbo ndefu za chuma zilitoka darini, zikapenya boriti za kivuko cha juu, zikaendelea hadi cha chini. Kila kivuko kilikaa juu ya nati zake. Kuna kero moja: ili nati ya juu ifike mahali pake, fimbo ingebidi ichongwe hesi sehemu ndefu sana, na hesi hizo zingeharibika wakati wa kupandisha. Watengenezaji wa chuma wakapendekeza fimbo mbili badala ya moja. Ya kwanza itoke darini iishie kivuko cha juu. Ya pili ianzie hapohapo kivuko cha juu, iteremke hadi cha chini.

Kwenye karatasi ni badiliko dogo mno: mstari mmoja umekatwa, ukasogezwa inchi chache. Lakini fikiria watu wawili wameshika kamba moja, kila mmoja kwa mikono yake. Sasa mwambie wa chini aiachie kamba, ashike miguu ya wa juu. Uzito wa jumla ni uleule, ila mikono ya wa juu imebeba wawili. Ndivyo nati za kivuko cha juu zilivyobebeshwa mzigo maradufu, na hata ule muundo wa kwanza haukuwa umefikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji. Michoro ya karakana ikapita kwa mainjinia, ikapigwa muhuri, na kiungo kile hakikupigiwa hesabu upya. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981 ukumbi ulijaa watu wa kucheza dansi. Vivuko viliporomoka, watu 114 wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Jimbo la Missouri likawanyang'anya leseni mainjinia wawili.

Mainjinia, narudia. Mchoraji hakunyang'anywa kitu, maana hakuwa na cha kunyang'anywa. Darasani tulibishana usiku mzima kama hiyo ni haki. Mama wa bima alisema ndiyo haki: aliyelipwa kubeba mzigo aubebe. Mwanajeshi alisema jeshini hata koplo hujibu. Mimi nilikuwa upande wa mama, na bado niko huko, lakini kwa sababu tofauti. Sheria imemweka injinia pale ili mchoraji awe na mtu wa kumuuliza. Mchoraji asiyeuliza anaufanya muhuri kuwa wino tu. Ukiona mstari mmoja umekuwa miwili, hata kama hujui kupiga hesabu ya mzigo, unajua kuona kwamba njia ya mzigo imebadilika. Hapo unaandika swali, unalituma, unahifadhi na nakala. Hicho ndicho nilicholipia ada, na AutoCAD ningeweza kujifundisha nyumbani.

Sasa niseme ya fedha, maana ujumbe ninaopokea mara nyingi kutoka kwa Waswahili wenzangu wa huku unauliza hilo. Ukiwa raia, au una grinikadi, au umekuja kama mkimbizi, unaweza kuomba ruzuku ya serikali ya shirikisho iitwayo Pell. Hairudishwi. Kwa mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, na kwa mkazi wa eneo la chuo kiasi hicho kinaweza kumaliza ada kikaacha na chenji ya vitabu. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi haipati, na yuko kwenye ile ngazi ya juu ya ada. Dada wa Bukavu, aliyefika na familia yake kama wakimbizi, alisoma bila kutoa senti yake. Mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, nikafanya kazi ghalani usiku, nikalipia pengo.

Kuna mtego mmoja na washauri wa chuo wengine hawautaji mpaka uwaulize. Shahada ndogo ya miaka miwili huku iko ya aina zaidi ya moja. Yetu ya uchoraji, yenye krediti 60, imetengenezwa ikupeleke kazini. Hesabu zake ni aljebra na trigonometria ya karakana. Chuo kikuu kinachofundisha uhandisi kinataka kalkulasi, fizikia na kemia, kwa hiyo ukienda nao na krediti zako 60 wanaweza kukubali chache tu za Kiingereza na historia, zile za mabomba wakakurudishia. Ndani ya jengo hilohilo la chuo cha jamii kuna njia nyingine ya miaka miwili iliyopangwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu. Nje zinafanana, bei ni ileile, na kijana wa miaka 18 anayetaka muhuri siku moja asiingie kwenye hii yangu kwa kudhani ni ngazi ya kwanza. Mimi nilijua na nilichagua. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa na nilitaka kazi ya kukaa, si ya kubeba maboksi.

Kazi nimeipata, na inafanana na darasa kuliko nilivyotarajia. Asubuhi nakuta mezani michoro yangu ya jana imerudi kutoka kwa mkaguzi. Palipo sahihi amepitisha kalamu ya njano, pa kubadilisha ametia nyekundu. Wageni wa fani hii huumizwa na nyekundu. Mimi inanitisha karatasi iliyorudi bila rangi yoyote, maana hiyo hakuna aliyeisoma.

Kama unafikiria kujiandikisha, muulize mshauri wa chuo krediti zipi zinahamia wapi, na akupe kwa maandishi. Ulizia programu wanazofundisha, kisha fungua matangazo ya kazi ya mji wako uone kama ndizo zinazotakiwa. Houston ni mabomba, mji mwingine ni majengo au vipuri vya mashine. Tunza michoro yako bora tangu muhula wa kwanza, waajiri watataka kuiona kabla ya cheti. Na ukipata nafasi ya kuchukua kalkulasi palepale chuoni, ichukue hata kama haihesabiwi kwenye cheti chako. Mimi naisoma muhula huu, Jumanne na Alhamisi jioni, baada ya kazi.